Uzi wa pamba na poliesta: unajuaje ugumu wake kabla hujanunua?

kofia_makole: Wakuu habari zenu, niko Dodoma hapa Makole nafuma kofia na masweta mepesi kwa mashine ya mkono. Muuzaji ana pamba tupu na mchanganyiko wa pamba 80 poliesta 20, anasema mchanganyiko ndo mgumu, yaani haukatiki ovyo, maana poliesta ni ngumu kuliko pamba. Mbona huu wa 80/20 unakatika vilevile, tena kama zaidi? Hesabu yake inapigwaje?

mzee_spina: Kijana, hapo usipige wastani. Pamba haivutiki, ukifika kama asilimia 7 ya urefu imeshakatika, poliesta inaenda 20 na kuendelea, kwahiyo pamba inapokatika mwenzake hata hajaanza kubeba mzigo vizuri. Tuseme uzi wa pamba tupu unabeba 10, wa poliesta 16, ila poliesta ikivutwa hiyo asilimia 7 tu inabeba 6. Kwenye 80/20 unapata 8 jumlisha 1.2, yaani 9.2, chini ya pamba tupu! 50/50 ndo shimo lenyewe, yaani nguvu ya chini kabisa, 8. Kuanzia hapo poliesta inajibeba yenyewe hata pamba ikishaachia, ukifika poliesta 65 unapata 10.4. Hii hesabu aliiweka mtafiti wa nguo anaitwa Hamburger huko Marekani 1949. Uzi halisi unapona kidogo kwasababu msokoto unabana nyuzi zilizokatika zikaendelea kusaidia, ila umbo la shimo liko palepale.

nkuhungu_boy: duh kumbe kuchanganya ni kupunguza 😂 na kuvutika je?

mzee_spina: Kabla ya shimo, yaani poliesta ikiwa chini ya nusu, uzi unavutika kama pamba, baada ya shimo kama poliesta. Ila kuvutika sio kurudi, ukitaka sweta irudi weka spandeksi (uzi unaovutika na kurudi kama mpira) kidogo, asilimia chache tu zinatosha.

dada_fundi: Na mwezi wa nane hapa Dom hewa kavu mpaka midomo inapasuka, pamba ikikauka nayo inapungua nguvu, ndo maana maabara wanapima kwenye unyevu wa asilimia 65. Mimi nafunika koni za uzi na taulo bichi usiku, kukatika kunapungua. Viskosi (uzi laini unaotokana na miti) usiijaribu hivyo, yenyewe ikilowa ndo inalegea.

kofia_makole: Asanteni sana, basi nimuulize kama ana poliesta 65 pamba 35.

mzee_spina: Kwa masweta sawa. Kofia baki na pamba, jua la saa saba na poliesta kichwani wateja watakurudishia mzigo.