Naomba ushauri: sadeli za gitaa la solo, niweke brasi au nibaki na chuma?

SoloSinza
Wakuu, habari za jioni. Napiga solo kwenye bendi ya dansi, wikiendi tunakuwa Sinza na Mwananyamala, na katikati ya wiki nasaidia kanisani. Gitaa langu ni la umeme, kopi ya aina ya Stratocaster, nililinunua Kariakoo likiwa limeshatumika. Shingo imenyooka na freti, vile vichuma vilivyolala juu ya shingo, bado ni nzima, ila sauti inanikera. Nikipanda kuanzia freti ya 12 kwenda juu, noti inatoka kali halafu inakufa kabla sijaifaidi. Tena uzi wa kwanza unakatika hovyo, na unakatikia palepale kwenye briji, kile chuma kilichofungwa kwenye mwili wa gitaa kushikilia nyuzi.

Fundi mmoja kaniambia tatizo ni sadeli, yaani vile vipande sita vidogo ambavyo kila uzi unalala juu yake kwenye briji. Anasema nitoe elfu tisini aniwekee za brasi, ile shaba ya manjano, sauti itakuwa nene kama ya magitaa ya zamani. Kwangu hiyo hela si ndogo. Je, ni kweli brasi inabadilisha sauti kiasi hicho, au bora nijichange ninunue pikapu, kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi? Naombeni uzoefu wenu.

RumbaTemeke
Mkuu, weka brasi. Magitaa ya Telecaster ya mwanzo wa miaka ya 1950 yalitoka na sadeli tatu tu za brasi, kila moja inabeba nyuzi mbili, na mpaka leo watu wanaitafuta sauti ile. Mimi nimebadilisha zangu na tofauti niliisikia siku hiyohiyo. Ukali ulipungua, katikati pakajaa.

DadaBesi
Kaka RumbaTemeke, siku hiyo ulibadilisha na nyuzi? Nauliza kwa nia njema, maana karibu kila mtu akifungua briji anaweka nyuzi mpya hapohapo. Nyuzi mpya peke yake zinabadilisha sauti kuliko chuma chochote utakachoweka chini yake. Na kama sadeli hukuzirudisha kwenye kimo kilekile, umbali kati ya uzi na pikapu umeshabadilika pia. Hapo utajuaje ni brasi iliyofanya kazi?

Halafu pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya. Inachosikia ni uzi wa chuma unavyotikisika juu yake. Haijui chini kuna brasi au nini.

RumbaTemeke
Dada, kweli nyuzi zilikuwa mpya. Ila bado naamini brasi ina sauti yake.

FundiNyuzi
Naona nyote mmeshika ukweli, kila mtu upande wake. Pikapu haisikii brasi, sawa kabisa. Lakini uzi unatikisika kati ya ncha mbili, na sadeli ndiyo ncha mojawapo. Mtikisiko ukifika pale, sehemu kubwa inarudi kwenye uzi na kiasi kidogo kinaingia kwenye briji na mbao. Kilichoingia huko hakirudi, na pikapu haitakisikia. Sadeli laini au inayochezacheza inameza zaidi, na zinazotangulia kupotea ni zile sauti nyembamba za juu. Kumbuka pia kwamba kule mwisho wa shingo, karibu na kichwa cha gitaa, nati, kile kipande kilichochongwa kwa mfupa au plastiki, inahusika na uzi mtupu tu, kwa sababu ukibonyeza, freti ndiyo inayokuwa ncha. Sadeli haina likizo, inahusika na kila noti.

Sasa madini yenyewe. Watu husema brasi inalainisha sauti kwa sababu ni laini. Ni kweli si ngumu kama chuma, inakunjika kirahisi karibu mara mbili. Lakini ni nzito zaidi: sentimita moja ya ujazo ya brasi ina gramu 8.5 hivi, chuma 7.8, zinki ya kumiminwa kama 6.7, na titani 4.5. Kwa hiyo uzito unavuta huku, ulaini unavuta kule, na jibu linategemea umbo la kipande na jinsi kilivyokaa. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kukupa majibu tofauti na wote wakawa wakweli. Tofauti ipo, na utaisikia zaidi pale kidole kinapoachia uzi, ule mpigo wa kwanza wa noti. Ila ni ndogo. Haiwezi kulifanya gitaa baya liwe zuri.

SoloSinza, kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, igusishe kwenye sadeli. Isiponata, na kipande ni bonge lililojaa badala ya bati lililokunjwa, hiyo mara nyingi ni zinki ya kumiminwa. Halafu toa uzi wa kwanza, pitisha ukucha pale unapolalia. Tuambie umesikia nini.

MpwaniKigamboni
Naongezea jambo la huku kwetu pwani. Mimi napiga kwenye hoteli za ufukweni, na upepo wa chumvi hauna huruma. Viskrubu vya kupandishia sadeli vinashika kutu vyote, kimoja kikilegea kingine kinaganda, na sadeli inabaki imeegemea upande. Ikiegemea hivyo, noti inakufa hata kama sadeli ni ya dhahabu. Weka tone la mafuta ya cherehani usiku, asubuhi jaribu na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, inayokaa sawasawa, usilazimishe. Na futa jasho ukimaliza kupiga. Brasi nayo haijasalimika, inaota ukijani.

SoloSinza
Asanteni sana. FundiNyuzi, sumaku haikunata. Ukucha umekwama, kuna kijiukingo kikali upande wa mbele, kama meno ya msumeno mdogo. Na MpwaniKigamboni umenisoma, sadeli ya uzi wa pili inacheza nikiigusa kwa kidole.

FundiNyuzi
Basi kinachokata uzi wako tumekiona. Chukua uzi mkuukuu wa sita, ule uliozungushiwa waya, uutumie kama tupa pale kwenye mfereji, taratibu, kwa mwelekeo uleule uzi unaopita. Kisha malizia na msasa namba 1000 mpaka pang'ae. Usichimbe, unaondoa ukali tu. Skrubu za sadeli ya pili zipandishe zote mbili ziguse bati la chini kwa uzito sawa.

Halafu angalia pikapu. Ikiwa juu mno, sumaku inauvuta uzi na kuunyima nafasi ya kutikisika, na freti za juu ndiko madhara yanaonekana kwanza kwa sababu uzi uko karibu nayo zaidi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Anzia milimita 2 upande wa uzi mnene na 1.6 upande wa uzi mwembamba, kisha sikiliza kwa masikio yako.

DadaBesi
Na rekodi kwa simu kabla na baada. Ampu ileile, sauti ileile, nyuzi zilezile. Masikio husahau upesi sana.

SoloSinza
Nimefanya yote. Pikapu ya briji ilikuwa karibu kugusa uzi, nimeishusha. Noti ya freti ya 17 sasa inakaa, naweza hata kuitingisha. Rekodi mbili ziko mbalimbali kabisa, hata mpiga ridhimu wetu kaitambua bila kuambiwa. Uzi haujakatika tena. Bado natamani kuziondoa hizi zinki. Niende brasi?

FundiNyuzi
Kwa solo la dansi mimi ningechukua chuma cha bati lililokunjwa, kama Stratocaster zilivyotoka mwaka 1954. Solo letu linahitaji kila noti isikike peke yake katikati ya ridhimu, besi na tumba, na ule mpigo mkali wa kwanza ndio unaoibeba. Ukali ukikuzidi, kitufe cha toni kipo, kipunguze. Aliyezoea kupiga na ampu inayokoroma, huyo brasi itamfaa. Kwa mazingira ya pwani, ukipata chuma kisichoshika kutu ni bora zaidi.

Ila pima kwanza kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale kwenye briji. Kuna briji za kama milimita 56 na za kama 52. Ukikosea, nyuzi za pembeni zitateleza nje ya shingo.

SoloSinza
Nimepima, ni 52 na kidogo.

FundiNyuzi
Sawa, mwambie muuzaji hivyohivyo. Ukishazifunga, linganisha ile filimbi ya freti ya 12, yaani mlio wa kugusa uzi bila kuubonyeza, na noti ya kubonyeza hapohapo kwa chuna ya kwenye simu, ile programu ya kupimia sauti za nyuzi. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha sadeli nyuma. Ikiwa chini, isogeze mbele. Fanya uzi mmoja mmoja, na kila ukiisogeza sadeli, rudisha uzi kwenye sauti yake kabla ya kupima tena.