Miruko ya Axel na Lutz hutofautishwaje?

Swali: Ndugu zangu, nikitazama mashindano ya kuteleza kwenye barafu naona mizunguko tu, miruko hii hutambuliwaje?

Jibu: Axel ni rahisi kuitambua, kwani ndio mruko pekee ambao mchezaji huruka akitazama mbele, na kwa kuwa hutua akielekea kinyumenyume, humlazimu kuongeza nusu mzunguko. Axel Paulsen wa Norwei aliuruka mwaka 1882.

Jibu: Kwa Lutz, tazama chuma cha kiatu, chenye kingo mbili na meno mbele. Mchezaji huteleza kinyumenyume akiegemea ukingo wa nje, kisha hukita meno ya kiatu cha pili kwenye barafu ili aruke. Mguu unaoteleza ukilalia ukingo wa ndani, huo ni mruko mwingine uitwao flipu. Waamuzi hukagua jambo hili kwa makini, na ni haki yao.

Muulizaji: Je, meno hayo hutumika pia kusimama?

Jibu: Hapana. Husimama kwa kukwangua barafu kwa ubavu wa chuma.