Muziki wa simu kwenye redio ya gari la zamani: moduleta, adapta ya kaseti, AUX au ning'oe redio nzima?

Msafiri_wa_Alfajiri

Wakuu, habari za kazi. Gari langu limekula chumvi, na redio yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani: kaseti na FM, basi. Tundu la AUX (la kuchomeka waya wa sauti) hakuna, USB hakuna, Bluetooth ndiyo usiseme. Nyimbo zangu zote ziko kwenye simu. Kwa sasa naitumbukiza simu kwenye kikombe cha bati ili sauti ipae kidogo, na abiria wangu wameshachoka kunicheka.

Nimenunua moduleta ya FM, kile kidude cha kuchomeka kwenye kiwashio cha sigara. Maelekezo yanasema weka 98.5 kwenye kidude, halafu tafuta 98.5 kwenye redio. Redio yangu ikifika 90 inarudi 76. Nimezungusha mpaka kidole kinataka kuota sugu. Nimeuziwa kibovu? Na kama hii si njia, naomba mnilinganishie: adapta ya kaseti, au kubadili redio kabisa? Sitaki makuu. Nataka besi isikike na sauti isikwaruze.

Fundi_Nyaya

Kidude kizima, redio nzima, ila hawajakutana. Gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Kule FM ilikuwa inaanzia 76 na kuishia 90, kwa sababu 90 hadi 108 palikuwa pamekaliwa na chaneli za televisheni za analogia. Baadaye wakasogeza hadi 95, ila redio ya umri wa yako inagota 90. Moduleta nayo kwa kawaida inaanza 87.5 kwenda 108. Kwa hiyo uwanja wenu wa kukutania ni mdogo sana, 87.5 hadi 90. Weka 88.1, ukikuta kuna stesheni sogea 88.7, endelea hivyo mpaka upate pakavu.

Kabla ya hapo, chungulia waya wa antena nyuma ya redio. Ukiona kiboksi kidogo kimefungwa katikati ya waya, hiyo ni ekspanda. Kazi yake ni kuzishusha stesheni za juu ili redio yako izione. Kama inashusha kwa 14, ukirusha 102 kwenye moduleta utaisikia kwenye 88 ya redio. Wengi wanahangaika wiki nzima kumbe kosa ni hesabu ya kutoa.

Kaseti_Haifi

Mkuu una deki ya kaseti halafu unahangaika na mawimbi ya hewani? Nunua adapta ya kaseti. Ni kaseti isiyo na utepe, ina waya wenye pini ya 3.5 mm unaochomeka kwenye simu. Ndani yake kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachogusana na kichwa cha deki yako. Deki inadhani inasoma utepe, kumbe inasoma simu. Hakuna stesheni ya kuingilia, hakuna namba za kutafuta.

Nimeitumia miaka na miaka, na haya ndiyo ninayoyajua:

Kama deki yako inageuza upande yenyewe, kuna siku itaamua upande umeisha na muziki utapotea ghafla. Bonyeza kitufe cha kugeuza, unarudi. Ikiwa inaitema kaseti kabisa, mara nyingi ni gia za ndani ya adapta zimekauka au zimevunjika jino, kwa hiyo deki haioni mzunguko. Wengine hufungua na kuzing'oa gia zote ili kupunguza ule mlio wa kukereketa; kwenye baadhi ya deki inakubali, kwenye nyingine ndiyo umeiambia iteme.

Kingine ambacho watu hawakijui: zima Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele za utepe. Kile kitufe kilikuwa cha kanda zilizorekodiwa kwa mfumo huo. Ukikiacha kimewashwa huku unapiga muziki wa simu, sauti za juu zinafifia, unasikia kama mwimbaji amejifunika blanketi.

Nyoka_wa_Lami

Na simu yake ina tundu la hedifoni? Zangu mbili za mwisho hazina.

Msafiri_wa_Alfajiri

Haina! Ina USB-C tu.

Fundi_Nyaya

Hapo angalia usije ukanunua adapta mara mbili. Vile viwaya vifupi vya kutoka USB-C kwenda 3.5 mm viko vya aina mbili, na kwa nje vinafanana kama mapacha. Aina moja ina chipu ndani inayobadili sauti ya dijitali kuwa ya analogia. Nyingine ni waya mtupu, inategemea simu itoe analogia yenyewe, na simu nyingi hazitoi. Ukichomeka ile tupu kwenye simu isiyotoa, utapata kimya cha msikitini. Uliza yenye DAC, yaani hiyo chipu. Muuzaji asipoelewa swali, tafuta muuzaji mwingine.

Dada_Spidi

Nyie mnamchosha huyu ndugu. Waya wa kaseti, waya wa kugeuzia, waya wa chaja, dashibodi imegeuka kiota cha ndege. Ang'oe hiyo redio aweke yenye Bluetooth, mambo yaishe. Mimi naingia garini simu ikiwa mkobani, nikiwasha gari wimbo unaendelea pale ulipoishia. Kupokea simu nabonyeza redio, mikono iko kwenye usukani.

Na wale wa "Bluetooth inaharibu muziki" naomba wanyamaze. Mwendo wa 100 na vioo nusu wazi, nani anatofautisha?

Kaseti_Haifi

Dada, mimi natofautisha 😄

Halafu hujamwambia upande wa pili. Kwangu redio inashika simu ya mke wangu akiwa bado jikoni, ya kwangu iko mfukoni inatazama tu. Siku moja nimepakia wazee wa ukoo, simu ikaita, redio ikaipokea, na aliyepiga akaanza kudai deni lake kwa spika nne.

Fundi_Nyaya

Kuhusu ubora wote mna haki nusunusu. Bluetooth hubana muziki kabla ya kuutuma. Kuna kodeki (njia ya kubana sauti) iitwayo SBC ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth lazima kiielewe, ndiyo lugha ya chini kabisa ya kuelewana. iPhone hupendelea AAC. Simu nyingi za Android zina LDAC inayofika kilobiti 990 kwa sekunde, ila haina maana kama redio yenyewe haiijui, maana wakishindwana wanarudi SBC. Hata hiyo SBC, redio ikiwa nzuri, inaishinda moduleta kwa mbali. FM yenyewe inakata sauti juu ya kilohezi 15 hata ikiwa safi, na moduleta ni kitransmita dhaifu kwa makusudi, sheria hazimruhusu mtu kuwa na stesheni yake ndani ya gari. Ndiyo maana ukikatiza mji mwingine, stesheni yenye nguvu inakupanda kichwani katikati ya wimbo.

Kwa hiyo kwa sikio langu: waya wa AUX wa kweli kwanza, Bluetooth inafuata kwa karibu, adapta ya kaseti kama deki ni safi, moduleta mwisho kabisa, tena mwisho wa mbali. Moduleta ni ya gari la kuazima.

Ila tahadhari moja kwa Bluetooth: yapo magari na vifaa vya zamani vyenye Bluetooth ya kupigia simu tu. Inaandika "imeunganishwa", unapiga wimbo, sauti inatokea kwenye simu. Muziki una njia yake tofauti na ya mazungumzo. Kwanza ingia kwenye mipangilio ya simu uone kama sehemu ya sauti ya media imewashwa kwa kifaa hicho. Kama hata haionekani, basi redio haina njia hiyo na hakuna programu itakayoiongeza.

Jirani_wa_Besi

Samahani nadandia uzi. Mimi AUX ninayo na bado nateseka. Nikichomeka simu napata mlio mwembamba kama mbu, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Nimebadili waya mara tatu.

Fundi_Nyaya

Chomoa chaja ya simu huku muziki unaendelea. Mbu amekufa?

Jirani_wa_Besi

Amekufa! Lakini simu itakufa pia, safari zangu ni ndefu.

Fundi_Nyaya

Waya wako hauna kosa. Simu sasa ina ethi (njia za umeme kurudi) mbili: moja inapita kwenye chaja hadi kwenye bodi ya gari, nyingine inapita kwenye waya wa AUX hadi kwenye redio. Ethi hizo hazilingani sawasawa, kwa hiyo umeme mdogo unazunguka kati yao na kubeba kelele za altaneta, ile jenereta ya gari. Ndiyo maana mlio unafuata mzunguko wa injini.

Dawa ni kiboksi cha kutenganisha ethi. Kinakaa kwenye njia ya AUX, ndani kina vitransfoma viwili vidogo, kimoja kwa kila upande wa sauti. Muziki unavuka kwa sumaku, umeme wa ethi hauvuki. Vile vya hovyo hula besi kidogo, kwa jina lako hilo usinunue cha hovyo. Au chaji kwa betri ya akiba isiyochomekwa garini, mlio unaisha bila kununua kitu.

Nyoka_wa_Lami

Na volyumu jamani. Watu wanaiacha simu nusu, halafu wanapandisha redio mpaka mwisho, wanasikia shhhhh. Simu ikae kama asilimia 80 au 90, kisha redio ndiyo ufanyie kazi. Kwa moduleta kinyume kidogo, ukiizidishia simu sauti inapasuka, shusha mpaka ipoe.

Mama_Pacha

Mbona hakuna aliyetaja flashi? Nyimbo mia kadhaa za MP3, hakuna chaji, hakuna mtandao, watoto hawagusi simu yangu.

Dada_Spidi

Kwa sababu redio yake haina USB, mama.

Mama_Pacha

Akibadili itakuwa nayo. Aifomati FAT32 (aina ya mpangilio wa mafaili), redio nyingi hazisomi aina nyingine, zinaandika tu hitilafu. Na asidhani USB ya redio itapiga nyimbo za simu moja kwa moja. Kuna USB za kuchaji tu, na kuna zinazoielewa iPhone lakini Android zinaichaji tu, nyimbo zake hazipigi.

Dada_Spidi

Hilo kweli. Ndiyo maana kama anabadili, achukue yenye Android Auto na CarPlay. Hapo simu ikichomekwa, ramani na nyimbo zinatokea kwenye skrini ya redio. Zipo za bila waya pia: zinasalimiana kwa Bluetooth kisha mzigo wenyewe unapita kwenye Wi-Fi. Mimi hutumia ya waya, bila waya simu inachemka kama chapati.

Fundi_Nyaya

Msafiri, ukienda njia hiyo pima shimo kabla ya kulipa. Redio ya kimo kimoja ni milimita 180 kwa 50, ya vimo viwili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi za Japani zina shimo la upana wa 200, ukiweka ya 180 inabaki mianya pembeni, inahitaji vipande vya kuziba.

Usikubali fundi akate soketi ya gari kwa mkasi. Kuna soketi ya kati ya kuunganishia, siku ukitaka kurudisha redio ya zamani unachomeka tu. Kwenye nyaya za redio mpya, njano ni umeme wa muda wote, nyekundu ni wa swichi, nyeusi ni ethi. Akizibadilisha njano na nyekundu, redio itasahau saa na stesheni kila ukizima gari. Hiyo nimeirekebisha kwa watu zaidi ya ninavyoweza kuhesabu.

Msafiri_wa_Alfajiri

Mrejesho wakuu. Ekspanda haikuwepo. Moduleta nimeiweka 89.3, imeimba vizuri dakika kumi, nilipopanda mlima ikaingia taarifa ya habari juu ya wimbo. Nimeiweka kando.

Nimepata adapta ya kaseti na kiwaya chenye DAC. Jaribio la kwanza deki iliitema mara mbili, nikasukuma waya ukae upande wa kulia wa mlango wa kaseti badala ya kukunjwa chini, ikatulia. Halafu nikazima Dolby. Kaseti_Haifi, Mungu akubariki, matoazi yamerudi. Nimepima pia shimo: milimita 200. Redio mpya itasubiri, nikipata ya kufaa Dada_Spidi utapata taarifa.

Dada_Spidi

Nasubiri. Na nyaya zako hizo tatu.

Kobe_Barabarani

Wakuu na mimi basi. Yangu ina CD tu, kaseti hakuna, AUX hakuna. Nimebaki na moduleta?

Fundi_Nyaya

Siyo lazima. Itoe redio utazame nyuma kama kuna soketi ya chenja ya CD, kile kiboksi cha pembeni cha kubadilishia CD nyingi. Kwa redio nyingi kuna kiunganishi cha kuigeuza hiyo kuwa AUX. Kuna zinazogoma kufungua njia mpaka ziamini chenja ipo, ndiyo maana kiunganishi lazima kiwe cha modeli yako, siyo cha jirani. Piga picha ya nyuma uiweke hapa, namba ya modeli isomeke.