Kutembea Mji Mkongwe bila kugandwa na papasi, inawezekana?

mgeni_wa_Dom
Habari zenu wakuu. Mi niko Dodoma, mwezi ujao nina kikao Dar kinaisha Alhamisi, nimeona nivuke Unguja na boti ya asubuhi Ijumaa nirudi Jumamosi jioni. Sitaki bichi, sitaki Nungwi wala Paje, nataka kuutembea Mji Mkongwe kwa miguu tu, nione majumba na milango, nile, nikae barazani nisikilize watu wanapiga stori, basi. Shida ni jamaa yangu alienda mwaka jana, anasema kushuka bandarini tu papasi, wale waongozaji wa mtaani wanaojipachika kwa wageni, wakamganda mpaka gesti, akaishia kulipia matembezi ambayo hata hakuyaelewa, anaburutwa huku na huku halafu mwisho wa safari ni duka la picha za Tingatinga. Sasa naomba kujua mtu anaweza kuzunguka mwenyewe? Nianzie wapi? Na simu inasaidia humo vichochoroni au nayo inachanganyikiwa? Halafu Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu, nasikia ilianguka, bado kuna cha kuona? Natanguliza shukrani.

binti_kiponda
Karibu sana kaka. Mie mzaliwa wa Kiponda, na n'nakwambia hapa huwezi kupotea hata ukitaka, maana mji umekaa pembe tatu, pande mbili bahari na upande wa tatu ile barabara kubwa ya Darajani, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari ukafukiwa. Kwa hiyo ukiona hujui uliko wewe enda tu mbele, utatokea ama pwani ama Darajani kwenye soko, ukishafika hapo unaanza upya.

Simu weka mfukoni. Kuta ndefu, njia nyembamba, kile kidoti cha buluu kwenye Google Maps kinaruka nyumba mpaka nyumba, na mtu anaezunguka kichwa kainamia simu ndio papasi anamtaka huyo huyo. Sisi hatutumii majina ya barabara, tunatumia mitaa: Malindi, Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, Soko Muhogo, Kajificheni, Baghani, Shangani, Vuga. Yashike hayo. Ukikwama muulize mwenye duka au mzee alokaa barazani, umuanze kwa salamu kwanza, "Hamjambo hapa, Mkunazini naendea wapi?" Atakuelekeza na wala hatokudai kitu. Alokufata mwenyewe bila kumuita ndie wa kumuogopa, huyo mwambie "ahsante, mie n'naenda kwa shangazi yangu Vuga" na usisimame. Ukisimama umekwisha 😂

Njia yangu mimi: ukitoka bandarini Malindi fata pwani, bahari iwe kuliani kwako. Utapita ile dispensari ya zamani yenye vibaraza vya mbao vilochongwa, alianza kuijenga Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, miaka ya 1880, usiipite mbio, tizama juu. Kisha Mtini, pale penye mti mkubwa, kisha Kasri, Beit al-Ajaib, Ngome Kongwe, na Forodhani mbele yake. Hapo ingia ndani ya mji, uende ovyo. Milango ukitaka kuiona vizuri njoo huku kwetu na Hurumzi, ile yenye upinde juu na vibao vidogo vidogo ni ya Kihindi, ya Kiarabu ya zamani imenyooka juu, mingi ina maandishi kwenye kizingiti na mara nyengine mwaka wa Hijria.

fundi_chokaa
Kuhusu Beit al-Ajaib mimi ni fundi ujenzi ngoja nikujibu. Ilijengwa 1883 enzi za Sultan Barghash, na zile meli za Waingereza zilipopiga mabomu mwaka 1896 vile vita vya chini ya saa moja kasri la jirani lilibomoka lakini yenyewe ikabaki imesimama, halafu tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja ukaporomoka wakati watu wako kwenye ukarabati na wakafa watu wawili, Mungu awarehemu. Kwa hiyo ndani usitegemee kuingia, ila kwa nje bado utaona ukubwa wake.

Watu wanashangaa kwa nini nyumba za huku zinaanguka, jamani hizi si za simenti, ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko juu yake mawe na chokaa tena, na chokaa inataka kupumua na kupakwa upya kila mara, sasa paa likianza kuvuja likaachwa mvua moja mbili ukuta unakunywa maji, boriti inaoza kichwa pale ilipoingia ukutani, unaona nyumba inapendeza kumbe ndani imekwisha. Halafu anakuja mtu anaziba nyufa kwa simenti, ndio anaimaliza kabisa maana maji yanabaki ndani hayana pa kutokea. Ukipata nyumba unaruhusiwa kuingia, gesti nyingi zinaruhusu ukinywa hata chai, angalia vyumba vilivyo virefu lakini vyembamba. Sababu ni ile boriti, upana wa chumba ni urefu wa boriti, mkoko hauendi zaidi ya hapo.

Ukiona jengo limeegemezwa miti usipite chini yake kupiga selfi tafadhali.

dada_safari
Nakubaliana na binti_kiponda ila kidogo nipinge, Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana chukua muongozaji, wapo wa pale pale unawakuta getini kwenye tiketi, si wa mtaani. Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lilifungwa 1873 na kanisa likaanza kujengwa mwaka huo huo juu ya uwanja wenyewe. Ukiingia peke yako unaona kanisa zuri tu unatoka. Akikuelekeza mtu ndio unajua altare imewekwa palipokuwa na mti wa kuchapia watu, na ule msalaba wa mbao umetoka kwenye mti wa Chitambo, kule Zambia, ulikozikwa moyo wa Livingstone. Kuna na nguzo ndogo mlangoni zimewekwa kichwa chini miguu juu, wanasema mafundi walizisimamisha hivyo Askofu Steere, aliyekuwa akisimamia ujenzi, akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Nje kuna sanamu za watu wamefungwa minyororo shimoni, hiyo ni ya 1998, minyororo yenyewe ya zamani kweli. Mi nilikaa pale kimya sana.

Ila kile chumba cha chini wanachokuingiza kama gereza la watumwa sikiliza kwa akili zako, lile jengo la juu walijenga wamisionari baada ya soko kufungwa, kuna wanaobisha hayo maelezo. Uliza swali uone muongozaji wako kaiva au kakariri.

Na kama una dada zako wanaosoma hapa, kutembea peke yangu mwanamke sikupata shida mchana, funika mabega na magoti watu wanakuheshimu, usiku nilibaki Forodhani, Shangani na njia zenye watu.

MvitaOG
Hapa Mombasa twawasoma tu 😅 Siku ukimaliza huko njoo Mji wa Kale wetu pia, uanze Fort Jesus ile Mreno alijenga 1593 kisha ushike Ndia Kuu mpaka msikiti wa Mandhry, ni mdogo kuliko Mji Mkongwe lakini wenyewe wanaishi humo, hautauziwa picha ya simba kila mlango. Jioni kahawa chungu na kashata, viazi karai, leso ununue Biashara Street. Papasi wako lakini wavivu.

binti_kiponda
@MvitaOG wavivu nyie nyote huko 😂😂

mgeni_wa_Dom
Aisee nimefurahi sana, hiyo ya shangazi wa Vuga naichukua. Maswali mawili ya mwisho. Chakula nile wapi, watu wengine wananiambia Forodhani wengine wananiambia nikimbie. Na Ijumaa nikifika saa tatu ratiba iweje, jua nasikia ni balaa.

dada_safari
Forodhani nenda uone, kunywa miwa ya ndimu na tangawizi, kula Zanzibar pizza moja tu, lakini samaki wa vijiti uliza bei kabla hajaweka jikoni na umtizame kama ni wa leo. Urojo, ule mchuzi mzito wa huku, usile pale, kula mtaani kwa mama wa jioni, anakuwekea bajia, kachori, viazi, mishkaki, na chipsi za muhogo juu yake, unamwambia pilipili kidogo na yeye anaweka anavyotaka.

binti_kiponda
Haya Ijumaa sikiliza. Ukifika saa tatu weka begi kwanza, usitembee nalo, kisha pita pwani na Darajani asubuhi hiyo hiyo, sokoni samaki na viungo bado wako wengi. Ikifika kama saa sita maduka yanafungwa, watu wanakwenda Ijumaa, vichochoro vyote kimya, kama mwislamu ingia usali nasi, kama sio nenda ukalale maana jua la saa saba litakuchoma bure na hutakuta mtu wa kumuuliza njia. Toka baada ya alasiri, hapo ndio mji unaamka, watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, wazee wanarudi barazani, na Jaws Corner, ile baraza yetu ya kahawa, wameshaanza kahawa na dhumna na siasa. Pale keti, agiza kahawa, usichangie siasa mpaka ujue nani ni nani. Mkunazini iache Jumamosi asubuhi na mapema, kabla hawajafika wale wa mabasi kutoka mahoteli ya pwani.

fundi_chokaa
Na chukua kitambulisho cha NIDA, sehemu za kiingilio Mtanzania bei yake ni nyingine, bila kitambulisho watakupigia ya mgeni hata ukiongea Kigogo.