Wenye magoti mabovu, moyo wa mazoezi mnautoa wapi? Nina kilo 102

Mama Bobini

Habari za saivi wapendwa. Naomba msinicheke jamani, na wale wa "kula kidogo tembea sana" naomba mpite kimyakimya maana hiyo nimeshaambiwa hadi na konda wa daladala.

Mi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani, niko Tabata. Urefu sm 158, uzito kilo 102. Kazi yangu ni kukaa kutwa nzima na nikitaka kuinuka lazima nishike meza kwanza. Goti la kulia linanisumbua muda mrefu, nilipigwa eksirei daktari akasema gegedu limelika, na la kushoto nalo limeanza kwa vile ndo linabeba mzigo wa mwenzie. Akaniambia mama punguza uzito ufanye na mazoezi, nikamuuliza mazoezi gani na goti hili, akasema "ya kawaida tu", hafu akaita mgonjwa mwingine.

Mtaani kwetu kuna jogging klabu, Jumapili alfajiri wanapita na filimbi na nyimbo, raha tupu. Nikajiunga nao, hata nusu ya njia sikufika, goti likavimba nikawa naburuza mguu. Sasa jamani shida yangu siyo kwamba sijui faida za mazoezi, nazijua zote. Shida ni moyo. Usiku nalala nimepanga kabisa kesho naanza, asubuhi goti linauma nasema basi kesho, na kesho yake ivo ivo. Nikikaa uzito unapanda, ukipanda goti linazidi, likizidi ndo siinuki kabisa, nazunguka humohumo. Zile video za watu wanaruka kamba nikiziona nazima simu.

Naomba mnisaidie nyie ambao mwili nao umegoma, siyo wazima. Mlianzaje na nini kinafanya msiache? Pia kuna shoga angu anauza chai ya kukata tumbo elfu 35, kuna mtu anaijua?

Kifua Chuma

Dada hakuna njia ya mkato hapo. Mi saa 11 alfajiri niko barabarani, kilomita 10, mvua jua. Visingizio ndo vinawamaliza watu. Komaa, goti litazoea tu.

Mguu wa Bati

Wewe Kifua Chuma ulishaambiwa upite kimyakimya. Goti lililolika halizoei lami kwa kukomaa, litavimba tena na mama wa watu ataogopa mazoezi mwaka mzima. Una miaka mingapi, 24?

Dada angu pole. Mi nilipata ajali ya bodaboda, paja limewekewa chuma na mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzie, nikitembea hadi watoto wa jirani wananiigiza. Baada ya ajali nilikaa ndani nikala nikanenepa, na nikawa nasubiri hiyo kitu unayoita moyo. Haikuja. Nakuambia ukweli mi hadi leo sipendi mazoezi, yaani sina hamu nayo hata kidogo, ila nafanya. Nilichofanya niliyafunga kwenye kitu ambacho kipo kila siku hata niwe nimekasirika vipi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Muziki wake ukianza tu nishakaa kwenye kiti, dumu la maji la lita 5 mkononi, nanyanyua, nabadili mkono, hafu miguu naikunjua na kukunja hapohapo kwenye kiti, wakifika michezo nimemaliza. Hakuna cha kuvaa trakisuti wala kwenda mahali. Mke wangu alikuwa anacheka saivi ananiambia "baba habari hiyo inaanza."

Na kingine, usijipime kwa mizani peke yake maana mizani inakatisha tamaa, inaweza kukaa palepale wiki nzima na wewe unajitahidi. Mi nilijiwekea ngazi za daraja la Manzese. Mwanzo nilikuwa nasimama katikati nashika bomba nahema, wapita njia wananiuliza kama niko salama. Siku nilipopanda bila kusimama nilinunua miwa pale chini nikala nikiwa peke yangu nafurahi kama mwehu. Kilo nilikuwa sijapungua za kutaja. We tafuta cha kwako, labda kuinuka kwenye cherehani bila kushika meza.

Fizio wa Zamu

Nafanya kazi ya fiziotherapia kwahiyo niseme kidogo, ila sijakuona kwa macho, ukipata nafasi mwone mtaalamu aliye karibu nawe akupime hayo magoti.

Kwanza mama, goti lililolika linahitaji mazoezi kuliko hata goti zima. Misuli ya mbele ya paja ndo inayolishika goti, ukikaa miezi bila kuitumia inasinyaa, mzigo wote unaenda kwenye mfupa na maumivu yanazidi. Kwahiyo ile kusema "linauma ngoja nilipumzishe" inaleta nafuu siku ile na hasara baadaye. Pili, kila kilo moja unayopunguza goti linapunguziwa kama kilo nne za mzigo kwa kila hatua. Huhitaji kufika kilo 60 ndo uone tofauti, ukishusha hata kilo 5 mpaka 10 wagonjwa wengi wanaanza kusema wamelala vizuri.

Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja uwe sawa, kaza paja, hesabu mpaka tano, shusha taratibu, badilisha. Ukilala kitandani nyanyua mguu ulionyooka kama shibiri moja na nusu, shusha. Ukizoea, simama na ukae kwenye kiti kirefu, weka mto ili usishuke sana chini. Ni hayo tu kwa kuanzia, yanachosha kuliko yanavyoonekana. Maumivu kidogo wakati wa zoezi siyo mwisho wa dunia, ila kama kesho yake goti linauma kuliko lilivyokuwa kabla au limevimba, ulizidisha, punguza idadi na usiache.

Mwenzangu hapo juu ana taarifa ya habari, wewe una cherehani. Kila bobini ikiisha uzi, kabla hujajaza nyingine, nyoosha miguu mara kumi kila mmoja. Siku yenye kazi nyingi mazoezi yatakuwa mengi, siku ya kazi chache ongeza za bure. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa mwongozo mpya, mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na zamani walikuwa wanasema lazima yafululize dakika 10 ndo yahesabike, sharti hilo wameliondoa. Dakika mbili mbili za bobini zinahesabika. Na mwongozo huo umewataja kabisa wenye ulemavu na magonjwa ya muda mrefu, siyo wa vijana wa kilomita 10 tu.

Fimbo ukitembea mbali siyo aibu. Goti la kulia likiuma fimbo inashikwa mkono wa KUSHOTO, watu wengi wanakosea hapo.

Chai ya elfu 35 usinunue. Nyingi zina majani ya sena, ni ya kuharisha, unapungua maji na choo, mafuta yako palepale. Na kuna bidhaa za kupunguza mwili zimekuwa zikikutwa zimechanganywa kisirisiri na sibutramini, dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya madhara ya moyo. Kama haina usajili wa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mwambie shoga ako ainywe yeye.

Jirani wa Mabingwa

Mum pole sana. Mimi niko Kenya, naishi Iten, hebu fikiria mtu wa kilo 118 mwenye nyonga mbovu anaishi Iten. Hapa alfajiri barabara ni ya wakimbiaji tu, wanapita kama mia hivi, vijana wembamba hata hawahemi, na mimi natoka kununua maziwa nikichechemea. Ilifika mahali nikawa natoka jua likishatoka ndio nisikutane nao.

Kilichonibadilisha ni kuwaangalia vizuri. Watu wanadhani hawa wanakimbia kwa nguvu kila siku, si kweli, siku zao za pole wanaanza polepole mpaka unaweza kutembea kando yao mkapiga stori. Na mwanariadha akiumia mguu kocha hamwambii alale nyumbani akihurumiwa, anapelekwa kwa baiskeli ama kwa maji, mwili unaendelea kufanya kazi mguu ukipona. Sasa nikajiuliza, kama bingwa wa dunia akiumia anatafutiwa zoezi lingine, mimi nani alinidanganya kwamba bila kukimbia hakuna mazoezi? Nikanunua baiskeli kuukuu, nikainua kiti juu ili goti na nyonga zisijikunje sana, napanda tu kwa barabara tambarare. Bado niko mkubwa, sidanganyi, nimetoa kama kilo kumi na kitu kwa muda mrefu sana. Lakini mke wangu hanivalishi soksi siku hizi, hiyo kwangu ilikuwa kubwa kuliko kilo.

Kuhusu kuacha, mimi huacha mara nyingi tu. Kuna baridi na mvua ya July hapa usiseme. Nikiacha narudi, siku ya kurudi nafanya nusu, sijaribu kulipa deni la zile nilikosa.

Bint Raskazone

Huyo wa Iten kagusa penyewe, MAJI. Shoga mi niko Tanga, nna kilo zangu 96 na magoti kama yako, siye wanawake wa huku tunatembea baharini. Si kuogelea, mi kuogelea sijui, natembea tu ndani ya maji. Yakikufika kiunoni karibu nusu ya uzito wako umebebwa na maji, yakifika kifuani zaidi ya hapo, yaani lile goti linalokuliza kwenye ngazi ukiwa mle unalisahau kabisa. Afu maji yenyewe yanakusukuma kwahiyo misuli inafanya kazi bila kugongwa. Tunaenda na madera yetu na vitambaa kichwani, asubuhi, wanaume wanajua hapo ni petu, tunapiga soga tunarudi. Na kilichonifanya nisiache ni hao wenzangu, nisipoonekana wananigongea mlango, mmoja ana mdomo huyo Mungu anisamehe.

Uko Dar bahari unayo. Nenda na mtu, usiende peke yako, na usivuke kifua.

Baba Chapati

Mbona hakuna anayegusa sahani? Kwenye sahani goti halihusiki, hata mwenye miguu miwili mibovu anaweza kuanza leo jioni. Mi natumia baiskeli ya mikono tangu utoto kwa ajili ya polio kwahiyo kutembea sijui kukoje, na nilipungua kwa kuhamisha vitu viwili tu, mafuta na sukari. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, na chapati moja ya mtaani inaweza kubeba mafuta mengi ukihesabu ya kwenye donge na ya kwenye kikaango. Soda ya chupa ile ya ml 350 ina sukari kama vijiko vidogo nane tisa. Sijaacha ugali maana bila ugali mi sijala, nimepunguza donge nikaongeza mchicha na maharage, na mafuta napima kwa kijiko simimini kutoka kwenye dumu. Jina langu humu nilijipa kabla sijaanza msinishangae.

Fundi, mchana pale kibandani unakula nini? Maana najua mafundi, chai ya saa nne na maandazi matatu.

Mama Bobini

Maandazi manne 😂 na soda saa nane. Baba Chapati umenivua nguo mbele za watu.

Jamani nimesoma yote mpaka machozi. Hiyo ya bobini nimeanza leo leo, mwanangu wa kazi ananiuliza mama miguu imekufa ganzi? Nikamwambia nawe nyoosha. Nimechoka mapaja siyo masihara. Ya maji naitaka sana ila naona aibu kuvua, na sijui niende saa ngapi maana nikienda naona bahari imekimbia huko mbali.

Fizio nna swali, mi nameza diclofenac karibu kila siku ndo nipate kukaa kwenye mashine, na presha nnayo natumia dawa. Nikimeza kabla ya zoezi ina shida?

Fizio wa Zamu

Hiyo ya kila siku ina shida hata bila zoezi mama. Diclofenac ya mfululizo inachoma tumbo mpaka vidonda, inaumiza figo, na kwa mwenye presha inaweza kuipandisha na kuipunguzia nguvu dawa yako ya presha. Pia ukimeza kabla ya zoezi huwezi kujua umezidisha wapi. Usiache tu kimyakimya ukabaki unateseka, rudi hospitali na vidonge vyote mkononi, cha presha na hicho, waambie unameza kila siku maana mara nyingi hawajui. Waombe wakupime na figo. Na wakikuuliza nani kakwambia, sema umeelekezwa ufanye mazoezi ya goti, waombe rufaa ya fiziotherapia kwa maandishi, ukisema kwa mdomo tu unaweza kurudishwa nyumbani.

Bint Raskazone

Shoga usivue, dera lako tosha, vaa na taiti ndani lisikuelee. Miguuni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma kwa ajili ya miiba na vigae vya kome. Saa inategemea mwezi, siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, ikifika saa nne asubuhi maji yameshatoka huko, utatembea kwenye matope. Nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, asubuhi kwenye saa nne tano ndo yamejaa vizuri na hayaendi mbali. Jumamosi kama sikosei mwezi utakuwa nusu, waulize wavuvi wa hapo.

Mama Bobini

Jumamosi nna sare za shule za watu za kumaliza. Jumapili itakuwa bado yako maji mafu?

Bint Raskazone

Yatakuwepo, yanakaa siku mbili tatu. Ila Jumapili kuna watu wengi, sogea pembeni kwenye akina mama.