Wakala anataka niache kazi kwanza ndipo anipeleke kufundisha Marekani, naombeni ushauri (mjadala wa mwaka 2025)

Mwalimu_wa_Fizikia
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nafundisha hesabu na fizikia sekondari ya serikali mkoani Tabora, huu mwaka wa sita. Nina shahada ya sayansi na elimu ya miaka 3. Nina mke na mtoto wa miaka 4. Mshahara ukishakatwa bodi ya mikopo na mkopo wa benki niliojengea, haufiki katikati ya mwezi.

Nimepata wakala Dar, anasema atanipeleka kufundisha Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana. Anataka milioni 4.5 za kushika nafasi, na amesisitiza niandike barua ya kuacha kazi kwanza, eti ubalozi hauwapi viza watumishi wa serikali. Mke wangu anasita. Barua nimeshaanza kuiandika. Kuna aliyepita njia hii?

Mama Kulwa
Mdogo wangu, marahaba. Ichane hiyo barua usiku huuhuu.

Nafundisha North Carolina kwa viza hiyohiyo. Sharti la J-1 ya walimu ni kinyume na alivyokwambia: unapoomba lazima uwe bado unafundisha nchini kwako, na uwe na uzoefu wa miaka 2 au zaidi. Wanaosamehewa ni wachache, kama aliyetoka kumaliza shahada ya juu ndani ya miezi 12. Kazi yako ndiyo sifa yako. Ukiiacha, hutakuwa na cha kuombea.

Muulize swali moja tu: shirika mdhamini ni lipi? J-1 haitoki kwa wakala. Inaanzia kwa mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ndiye anayekutolea fomu DS-2019 ya kuombea viza, na orodha ya wadhamini iko wazi kwenye tovuti ya wizara hiyo. Usidhani ni bure. Wadhamini wengi wana ada zao, na mimi mwenyewe nililipa dola 220 za SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wageni wa viza hizi) na 185 za viza. Ila nilijua namlipa nani, na kwa lipi.

Nakuru_hadi_Texas
Mwalimu, pole sana. Mimi nilitoka Kenya, na shahada yetu ya ualimu ni miaka 4, kwa hivyo tathmini ya vyeti haikunisumbua. Watanzania niliokutana nao hapo ndipo walipokwama. Wanataka shahada inayolingana na ya Marekani, na ya miaka 3 hupimwa tofauti kulingana na kampuni ya tathmini. Kuna inayoikubali, kuna inayosema umepungukiwa. Kwa hivyo usikimbilie kulipia tathmini. Muulize mdhamini kwanza anakubali kampuni zipi, kisha uambatanishe cheti cha kidato cha sita, usitume transkripti ya chuo pekee. Rafiki yangu alilipia mara mbili kwa kutoulizia hilo.

Halafu hesabu na fizikia ni masomo yanayotafutwa sana huku. Usijiuze kwa bei ya mtu aliyekata tamaa.

Afisa_Utumishi_Mstaafu
Kijana, ukishapata mkataba mkononi, mwandikie mwajiri wako kupitia mkuu wa shule uombe likizo bila malipo. Wanaweza kukukatalia, lakini omba kwa maandishi. Usiondoke kimyakimya, huo ni utoro kazini na utafukuzwa. Nimesaini barua za namna hiyo nyingi kuliko nilivyopenda, na nyingine zilikuwa za walimu wazuri sana.

Mwalimu_wa_Fizikia
Nimempigia wakala asubuhi. Nilipouliza jina la mdhamini akasema hiyo ni siri ya ofisi, na nisipolipa kufikia Ijumaa nafasi anapewa mwingine. Sijalipa. Barua nimeichana mbele ya mke wangu, akalia. Mungu awabariki.

Dada Mama Kulwa, nikipata kwa njia ya halali, naweza kwenda na mke na mtoto?

Mama Kulwa
Unaweza, kwa viza ya J-2 ya familia ya mwenye J-1, na mkeo akifika anaweza kuomba kibali cha kazi. Ila bima ya afya ni lazima kwa wote watatu, na kodi ya nyumba huku inameza mshahara. Mimi nilitangulia peke yangu, nikawaita baada ya miezi 8. Miezi ile ilikuwa migumu, mwanangu alianza kuniita shangazi kwenye simu. Programu ni ya hadi miaka 3, inaweza kuongezwa 1 au 2, kisha unarudi. Kaeni wawili mpange mapema: nani anatangulia, na nyumba ya Tabora anabaki nayo nani.