Bodi imetuletea mkuu asiyeijua kazi yetu, na anayeumia ni mteja

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira. Kwa miaka sita nimekuwa mhandisi katika kampuni ya programu hapa Mombasa, inayowatengenezea mawakala wa forodha mfumo wa kufuatilia makontena tangu yanaposhushwa Kilindini mpaka lori litoke langoni. Afisa mkuu mtendaji wetu alitangaza kustaafu mwaka mzima kabla ya kuondoka, na bado bodi haikuandaa mrithi. Habari za mkuu mpya tulizipata kwa barua pepe ya mistari minne, Ijumaa jioni, wengi wetu tukiwa tumeshafika kivukoni Likoni.

Simkatai mtu kwa kuwa ametoka nje. Peter Ndegwa alitoka Diageo, kampuni ya vileo, alipoanza kuiongoza Safaricom tarehe 1 Aprili 2020. Lakini Bob Collymore, aliyekuwa akiiongoza Safaricom kabla yake, alipofariki Julai 2019, Michael Joseph, aliyewahi kuiongoza kampuni hiyo hadi 2010, ndiye aliyekaimu, kwa hiyo kiti hakikukosa mtu anayekijua hata siku moja. Sisi hatukupewa hata wiki ya makabidhiano.

Katika wiki yake ya pili mkuu huyu aliamuru mfumo wa zamani uzimwe na mpya uwashwe siku hiyo hiyo, wala hakutaka kusikia kwamba kumbukumbu za wateja zilikuwa hazijahamishwa zote. Kisha dawati la wateja likahamishiwa Nairobi. Mzee mmoja wa Mwembe Tayari, ambaye ofisi yake ni meza mbili na simu moja, alinipigia saa tano usiku akaniuliza, "Mwanangu, kontena langu liko wapi?" Sikuwa na jibu. Lilikuwa bandarini, ada ya kuhifadhi ikipanda kila siku, kwa sababu mfumo wetu ulimwonyesha kwamba limeshatoka. Mzee yule alilipa fedha ambazo hakustahili kulipa, na hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa mimi.

Wanaotetea bodi husema mabadiliko lazima yaume. Ni kweli kwamba huuma: Satya Nadella hakuwa na miezi sita katika uongozi wa Microsoft alipotangaza, Julai 2014, kupunguza hadi nafasi 18,000 za kazi. Hata hivyo alikuwa ndani ya kampuni ile tangu 1992, bodi ilichukua miezi kadhaa kumtafuta mrithi wa Steve Ballmer, na habari ile chungu aliwaandikia wafanyakazi yeye mwenyewe. Wetu hajawahi kushuka ghorofa moja kutusalimu.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, si kwake. Yeye aliitwa akaja. Waliomwita ni watu watano waliokutana faraghani, wasiomwuliza fundi yeyote wala wakala yeyote kampuni inahitaji kiongozi wa namna gani, na mpaka leo hawajasema walimpima kwa vigezo gani.

Nimeiandikia bodi barua mara mbili bila kujibiwa. Nataka waje Mombasa, wakae na wafanyakazi na mawakala, waeleze uteuzi ule ulivyofanyika, warudishe dawati la wateja hapa, na wamlipe yule mzee fedha zake.